Katsushika Hokusai na Nakala Isiyo na Asili

Ni picha chache mno duniani zilizobandikwa kwenye kuta kwa wingi kama ile ya wimbi la Kijapani. Bahari imeinuka upande wa kushoto mithili ya jabali, kilele chake kimepasuka kikawa vidole vya povu, na chini yake mashua tatu zimenaswa pamoja na wapiga makasia waliojiinamia. Kwa mbali, katika bonde la maji, Mlima Fuji umesimama ukiwa mdogo kiasi kwamba jicho lisilo makini huudhania kuwa wimbi jingine. Picha hii huuzwa kama bango katika maduka ya vitabu na ya makumbusho. Hutundikwa katika vyumba vya wanafunzi, katika mikahawa na katika vyumba vya kungojea madaktari. Anayeitundika aghalabu huona haya kidogo, akidhani kwamba ameridhika na kivuli cha kitu ambacho asili yake imefungiwa mahali pengine. Maisha ya aliyeichora, Katsushika Hokusai, yanadhihirisha kwamba haya hiyo haina msingi.

Hokusai alizaliwa mwaka wa 1760 katika wilaya ya Katsushika, ng'ambo ya mto Sumida, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Jina lake la utotoni lilikuwa Tokitarō. Inaaminika kwamba baba yake alikuwa Nakajima Ise, fundi aliyemtengenezea vioo shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Vioo vya zama zile vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa, na migongo yake ikitiwa nakshi. Hata hivyo, mtoto huyu hakufanywa mrithi wa kazi ile, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wanahistoria wakisie kwamba mama yake hakuwa mke wa ndoa. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi alipelekwa kufanya kazi katika duka la kukodisha vitabu, biashara iliyoshamiri sana Edo, mji ambao ulikuwa na wasomaji wengi wasiomudu kununua. Huko alikutana kila siku na vitabu vya hadithi vyenye picha nyingi kama maneno. Alipotimiza miaka kumi na minne hivi akawa mwanagenzi wa mchongaji wa vibao vya kupigia chapa.

Hapa yafaa kutua. Wachoraji wengi wa tapo lake walijifunza brashi tu, wakaiacha patasi kwa watu wengine. Hokusai alianza na patasi. Alijua mstari unaokubali kuchongwa na mstari unaomshinda mchongaji, na tajiriba hiyo haikumtoka hadi uzeeni.

Mwaka wa 1778, akiwa na miaka kumi na minane, aliingia katika karakana ya Katsukawa Shunshō, bingwa wa picha za waigizaji wa tamthilia za kabuki. Shunshō alikuwa mmoja wa wachoraji wa ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea. Neno ukiyo lenyewe lina historia ya kuvutia kwa mwanafunzi wa semantiki. Katika mafunzo ya Kibudha lilimaanisha ulimwengu wa huzuni unaopita. Watu wa Edo wakaliandika kwa alama nyingine inayomaanisha kuelea, na likawa jina la ulimwengu wa raha: kumbi za tamthilia, nyumba za chai, mabingwa wa mieleka, wanawake warembo wa mtaa wa Yoshiwara. Picha hizi hazikuchorwa kwa ajili ya makasri. Zilichapwa kwa mamia na maelfu, zikauzwa barabarani, zikabandikwa kwenye kuta na viwambo, nyingine zikakatwa nyembamba na ndefu ili zienee kwenye nguzo za nyumba. Msafiri aliyerudi mkoani kutoka Edo alizibeba kama zawadi kwa kuwa zilikuwa nyepesi na rahisi.

Katika karakana hiyo kijana alipewa jina la Shunrō, na mwaka wa 1779 chapa zake za kwanza zikatoka. Alikaa humo miaka mingi. Shunshō alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1790, uhusiano wa Hokusai na wenzake uliharibika, na hatimaye akatengana na ukoo ule wa kisanaa. Yasimuliwa kwamba aliwahi kuchora kibao cha tangazo la duka la chapa, naye mwanafunzi mkubwa wa karakana, Shunkō, akakiona hakifai, akakiangusha na kukirarua mbele ya macho yake. Kisa hiki, sawa na visa vingi vinavyosimuliwa kuhusu Hokusai, kilihifadhiwa katika wasifu ulioandikwa na Iijima Kyoshin mwaka wa 1893, miaka arubaini na minne baada ya mchoraji kufariki. Msomaji anashauriwa kuvipokea visa hivyo kama wanafasihi wapokeavyo visasili: havithibitishi tukio, lakini vinaonyesha namna jamii ilivyomkumbuka mtu wake.

Jina la Hokusai alilitwaa kwa ukamilifu mwaka wa 1798, na maana yake ni karakana ya kaskazini, kwa heshima ya Nyota ya Kaskazini aliyoitukuza katika imani yake ya Kibudha. Halikuwa la kwanza wala la mwisho. Katika maisha yake alitumia lakabu zaidi ya thelathini, nyingine akiwapa wanafunzi wake pindi alipozichoka. Zipo taarifa kwamba alizipokelea pesa. Alihama nyumba mara tisini na tatu, kwa hesabu iliyozoeleka. Inasemwa kwamba chumba kilipojaa taka hakukifagia bali alitafuta kingine. Mtu wa namna hiyo ni shida kwa mwandishi wa wasifu na ni shida zaidi kwa mdai.

Ustadi wa kujitangaza haukumpungukia. Mwaka wa 1804, katika uwanja wa hekalu la Gokokuji mjini Edo, alichora sura kubwa mno ya mtawa Daruma mbele ya umati, akitumia fagio mahali pa brashi. Alirudia tendo hilo mjini Nagoya mwaka wa 1817, kwenye karatasi yenye urefu wa mita kumi na nane hivi. Karatasi ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi kwamba waliosimama chini hawakuweza kuisoma sura hiyo mpaka walipopanda juu ya paa. Kisa kingine chamweka mbele ya shogun mwenyewe: akavuta mawimbi ya buluu kwenye karatasi, akamchovya kuku miguu katika rangi nyekundu, akamwachilia apite juu yake, kisha akaeleza kwamba hayo ni majani ya mepo yakielea katika mto Tatsuta.

La muhimu zaidi kuliko vituko hivyo ni kazi aliyoianza kutoa mwaka wa 1814, Hokusai Manga. Mabuku yake ni kumi na matano, la mwisho likitolewa mwaka wa 1878 baada ya kifo chake, na ndani yake mna maelfu ya vielelezo: mafundi, wacheza mieleka, samaki, mizimu, madaraja, watu wanene wakioga, upepo ukipeperusha karatasi. Havikuwa vitabu vya hadithi. Vilikuwa vielelezo vilivyokusudiwa kuigwa na wanagenzi. Hokusai hakuweza kuwapokea wote waliotaka kufundishwa naye, akawatumia mkono wake kwa njia ya chapa. Mtu aliyetumia miaka yake akiwasaidia wasiomjua wamnakili hangefaa kutajwa kama mlinzi wa picha moja ya pekee.

Kuhusu pesa, kuna kisa kinachomhusu yeye na Waholanzi, ambao ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani wakati huo. Nahodha mmoja wa Kiholanzi aliagiza seti ya michoro ya maisha ya Wajapani, na daktari aliyefuatana naye akaagiza seti iliyo sawa. Kazi ilipokamilika nahodha alilipa yote. Daktari akataka kutoa nusu. Hokusai alikataa, akabeba kazi yake nyumbani ilikokuwa na njaa. Mkewe alimlaumu, kwa kuwa fedha chache zingewafaa zaidi kuliko michoro isiyo na mnunuzi. Yeye akashikilia kwamba ufukara ni afadhali kuliko mgeni kwenda akisema kwamba fundi wa Kijapani ana bei mbili kwa kitu kimoja. Yasemekana nahodha alipopata habari hizo alikuja akainunua na ile ya pili.

Ukata haukumtoka. Miaka ya mwisho ya 1820 ilimlemea zaidi: alipatwa na kiharusi, kisha mke wake wa pili akafariki mwaka wa 1828, na mjukuu wake mcheza kamari akamwachia madeni. Katika barua ya miaka hiyo alilalamika kwamba hana fedha, hana nguo na chakula ni cha shida. Wakati huo alikuwa amekaribia umri wa miaka sabini, umri ambao mtu hupumzika na kulelewa. Binti yake, Ōi, mchoraji aliyekuwa ameachana na mume mchoraji, alirudi kuishi naye. Wakaketi katika chumba kimoja, wote wawili wakiwa na brashi, hakuna mpishi.

Katika chumba cha namna hiyo ndimo lilimozaliwa wimbi. Takriban mwaka wa 1830 mchapishaji Nishimuraya Yohachi alianza kutoa mfululizo uitwao Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji. Ulipendwa hata zikaongezwa picha kumi, jumla zikawa arubaini na sita, na jina la thelathini na sita likabaki vilevile. Siri mojawapo ya mvuto wake ilikuwa rangi ngeni. Buluu ya Prussia iligunduliwa mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Ilipoanza kuletwa Japani kwa wingi kupitia biashara ya Waholanzi na Wachina, bei yake ilishuka katika miaka ya 1820 hadi ikamfikia mchapishaji wa picha za bei nafuu. Basi picha inayotambulika kote kuwa ya Kijapani halisi imebebwa na rangi ya Kijerumani.

Namna ilivyotengenezwa ndiyo inayopaswa kufahamika na kila anayenunua bango. Hokusai alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ikabandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mti wa cheri, mchongaji akachonga kufuata mistari, akikata mti na karatasi kwa pamoja. Kazi ilipokwisha mchoro wa Hokusai ulikuwa umeangamia. Kilichobaki ni kibao. Vikachongwa vibao vingine kwa ajili ya rangi, kila kimoja kikiwa na alama pembeni ili karatasi ikae mahali pake bila kupotoka hata unywele. Mpiga chapa akapaka rangi, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za gome la mti wa jamii ya mforosadi, akaisugua kwa mgongo kwa kifaa bapa kilichofungwa ganda la mwanzi. Kila karatasi iliyobanduliwa ilikuwa nakala, na hapakuwa na asili nyuma yake.

Vibao vilikuwa mali ya mchapishaji. Aliviendesha maadamu watu walinunua, na makadirio ya wataalamu yanafikia maelfu kadhaa ya nakala za wimbi peke yake. Ukubwa wake ni sentimita 25 kwa 37 hivi, mdogo kuliko mabango mengi ya leo. Bei haikupita sana ile ya bakuli la tambi. Kadiri vibao vilivyotumika ndivyo mistari ilivyolika, na leo wataalamu hupanga nakala kwa kuangalia mahali ambapo mstari unaozunguka anwani ya picha umemeguka. Majina ya waliochonga na kupiga chapa wimbi hilo hayakuandikwa juu yake. Ni dhuluma ndogo iliyodumu, na Hokusai, aliyewahi kuwa mmoja wao, aliielewa: katika barua zake kwa wachapishaji alisisitiza kazi zake apewe mchongaji Egawa Tomekichi, kwa kuwa wengine walimbadilishia macho na pua za watu wake.

Mwaka wa 1834 alianza kutoa kitabu cha Mandhari Mia Moja ya Mlima Fuji, na mwishoni mwake akaandika maneno machache kuhusu maisha yake. Alisema kwamba tangu umri wa miaka sita alikuwa na wazimu wa kuchora maumbo, lakini yote aliyoyafanya kabla ya sabini hayastahili kuhesabiwa. Kwamba katika sabini na tatu alianza kufahamu kidogo maumbile ya wanyama na mimea. Kwamba huenda akaendelea katika themanini, akapenya siri katika tisini, akawa wa ajabu katika mia, na katika mia na kumi kila nukta na kila mstari wake ukawa hai. Akatia sahihi kwa jina la mzee mwenye wazimu wa uchoraji. Ikumbukwe kwamba kwa hesabu hiyo hata wimbi lilikuwa kazi ya mwanagenzi.

Miaka iliyofuata haikumhurumia. Njaa kuu ya miaka ya 1830 iliangusha biashara ya picha, na mwaka wa 1839 moto uliteketeza nyumba yake pamoja na michoro ya miaka mingi. Chapa zilizokwisha kuuzwa zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimetawanyika kwenye kuta na masanduku ya watu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1842 alijizoesha kuchora simba kila asubuhi, kama dua ya kujikinga na balaa. Akiwa na miaka themanini na ushei alisafiri hadi Obuse, mji wa milimani, kwa mfanyabiashara na msomi Takai Kōzan, akachora mawimbi kwenye dari ya gari la sherehe na ndege wa kisasili kwenye dari ya hekalu la Ganshōin.

Alifariki tarehe 10 Mei 1849 mjini Edo, akiwa na miaka themanini na minane, au tisini kwa hesabu ya Wajapani wa zamani waliomhesabia mtoto mwaka mmoja pindi azaliwapo. Inasimuliwa kwamba kitandani aliomba miaka kumi zaidi, kisha akapunguza ombi likawa mitano, ili awe mchoraji wa kweli. Alizikwa katika hekalu la Seikyōji, mtaa wa Asakusa.

Ōi alikuwa naye hadi mwisho. Kazi zinazobeba jina lake ni chache, takriban kumi, na mojawapo ni ya usiku wa Yoshiwara, ambamo taa zinapenya gizani kwa namna ambayo baba yake hakuwahi kuifanya. Inasemwa kwamba Hokusai mwenyewe alikiri kuwa binti yake anamshinda katika picha za wanawake. Kiasi gani cha kazi za uzeeni zenye sahihi ya baba kilitoka katika mkono wa binti ni suala ambalo watafiti wangali wanabishania. Miaka michache baada ya msiba aliondoka nyumbani, na habari zake zikakatika. Kaburi lake halijulikani.

Japani ilipofunguliwa kwa biashara ya mataifa ya Magharibi katika miaka ya 1850, chapa zikamiminika Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa 1885, Vincent van Gogh, akiwa fukara mjini Antwerp, alibandika chapa za Kijapani kwenye kuta za chumba chake ili kukichangamsha. Claude Monet alikusanya zaidi ya mia mbili, zikiwemo za Hokusai, akazipanga kwenye kuta za nyumba yake kijijini Giverny. Mwaka wa 1905 Claude Debussy alitaka umbo la wimbi liwe kwenye jalada la muziki wake kuhusu bahari. Watu hawa huheshimiwa leo kama mabingwa, lakini walichokifanya kilikuwa kilekile alichokifanya muuza samaki wa Edo: walinunua karatasi iliyowapendeza wakaitia ukutani.

Thamani ndiyo iliyobadilika. Nakala za wimbi zilizotambuliwa kuwa zimesalia ni mia moja na kidogo, na mwezi wa Machi 2023 moja iliuzwa mjini New York kwa zaidi ya dola milioni mbili na laki saba. Mwaka wa 2024 serikali ya Japani ililitia wimbi hilo kwenye noti mpya ya yen 1,000, ambayo ni sawa na bei ya chakula cha mchana. Aidha, rangi za mimea zilizochanganywa na ile buluu hufifia zikipigwa na mwanga; anga ya wimbi, iliyokuwa na wekundu hafifu, katika nakala nyingi imekuwa kijivu. Kwa sababu hiyo majumba ya makumbusho huzitoa nakala zao kwa miezi michache, kisha huzirudisha gizani zipumzike kwa miaka. Karatasi iliyotengenezwa ibandikwe ukutani haiwezi tena kubandikwa ukutani.

Bango la kisasa lina upungufu wake, na si haki kuuficha. Mitambo huifanya karatasi kuwa laini mno. Ule mchubuko mdogo wa kibao uliosikika kwa kidole haupo, wala chembechembe za mti hazionekani katika buluu. Wachapishaji wengine huikuza picha hadi wimbi likawa kubwa kuliko mtu, ilhali Hokusai alilipima lishikwe kwa mikono miwili. Mjini Tokyo ipo Taasisi ya Adachi, ambayo mafundi wake wangali wanachonga upya vibao vya cheri na kupiga chapa kwa mikono. Mafundi hao hubandika mchoro kifudifudi juu ya kibao kama ilivyofanywa takriban mwaka wa 1830. Mchoro wanaoubandika umenakiliwa kutoka kwa chapa ya zamani, kwa kuwa ule wa Hokusai ulikatwakatwa na patasi ya kwanza.